Mesure Sita ya Kunyamaza

Siku ile magasin ya miziki ya karibu na posta iliuzisha bintu yake yote pa trottoir kwa soldes, bei ya kushusha, ungesema Elisabethville muzima inashikwa na wazimu! Patron, Muzungu wa ndevu nyekundu, alishafunga masanduku ya kurudia Bulaya. Piano ilikuwa inje mu jua kama mbuzi wa kuuzisha. Bamama ba Kamalondo balikuwa banapima ngoma na bidole kama bantu banachagua nyanya, na batoto ba masomo banapuliza tarumbeta mpaka imbwa ya avenue nzima inalia. Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka 1961. Katanga ilishajitenga na Congo, ilishapata bendera yake na franka yake, na kila muntu alikuwa ananunua leo juu hakuna mwenye aliyua kesho itaamuka na sura gani.

Mu ile fujo njo Clotilde Ngosa aliingia na mabega. Robe ya manjano ya plis, biatu nyeupe ya kisigino, mukoba mu kwapa. Alikuwa anauzisha ku farmasi, miaka makumi mbili na moya, na hakukuya kununua piano. Bamasoeur ba masomo balimufundisha kupika flûte, kupuliza ile filimbi ya chuma yenye bazungu banashikaka ku upande, na alikuwa anatafuta karatasi ya miziki, ata moya tu. Akachimbula mu karton mpaka ku viwiko. Akapata kakitabu kembamba, bila ganda, kenye kuandikwa "Flûte" pa mwanzo. Akakafinyilia ku kifua.

"Pardon, mamuzele. Hiyo njo yangu."

Akageuka. Kijana murefu, pantalon ya tergal ya kupikwa fer mpaka inakata, kravate ya bluu. Kucha ya mukono ya kuume ndefu kama ya paka. Ya kushoto fupi kabisa.

"Yako? Jina yako iko wapi juu yake?"

"Mamuzele, nitaona jina namna gani, na vile unaifinya?"

"Bwana, heshima!"

"Niko nayo. Angalia." Akamuonyesha ganda ya kitabu: duo tatu, miziki ya bantu babili, flûte na gitare. "Ganda iko na miye. Ndani kuko gitare peke yake. Flûte yake njo weye unakamata. Banaachanisha bwana na bibi mu karton mbili."

"Basi nipatie ganda."

"Basi nipatie flûte."

"Kwani unapikaka flûte?"

"Apana, gitare. Lakini sitaki flûte yangu ilale ku nyumba ya bantu."

Clotilde hakutaka kucheka. Akacheka. "Ile maneno unaambiaka bana-bamuke bote mu soldes?"

"Leo njo soldes yangu ya kwanza." Akainamisha kichwa. "Zéphirin Kanyinda, commis, karani ku gare ya treni. Gitare alinifundisha chef moya Mubelge. Mwaka jana alikimbia, akaniachia njala ya kupika na muntu. Mamuzele, ile kitabu ilishakatwa mu nusu. Tufanye nini, tuikate tena?"

Akamuangalia. Macho yake ilikuwa inaomba kuliko mudomo.

"Dimanche," Clotilde akasema, "lakini fasi yenye kuko muntu mukubwa. Miye siingiake mu nyumba ya kijana na flûte."

*

Muntu mukubwa alikuwa tantine Albertine, mudogo wa mama ya Zéphirin, mushonaji. Alikuwa na miaka makumi tatu tu, sura yake laini kama ya mwali, na foulard nyekundu yenye hatoshake ata akilala. Kila dimanche kiisha misa, bote babili bakaketi mu salon yake mu Kamalondo, katikati ya mashini na robe ya kunyongwa ku kamba, bakapika duo ya Muitaliano wa zamani mpaka bapita-njia banasimama ku dirisha.

Mu duo, flûte inasema, gitare inajibu. Fasi ingine flûte inanyamaza mesure sita nzima, bipimo sita ya miziki, gitare inatembea yake peke, na mwenye flûte anahesabu mu kichwa mpaka zamu yake inafika. Sasa, Clotilde na kuhesabu! Alisoma sana, hapana kusema hakusoma. Lakini damu yake ilikuwa moto. Ku mesure ya ine alishaingia.

"Sheri, bado!"

"Nilihesabu!"

"Ulihesabu bantu ba marché. Hii ni mesure."

"Muache mutoto wa bantu," tantine Albertine akasema bila kutosha muguu ku mashini. "Ata treni ya gare yako inafikaka mbele ya saa."

"Tantine, ile haiyaonekana bado mu hii inchi."

Njo Zéphirin akakamata kreyon. Pa juu ya kila silence, alama ya kunyamaza, ya Clotilde akamuandikia tunota tudogo-tudogo, tudogo kama siafu: note ya mwisho ya gitare, yenye kuonyesha fasi ya kuingia. Bapikaji banaitaka ile réplique.

"Ni ya nini?" Clotilde akauliza.

"Ni miye. Wakati unanyamaza, unaniona. Unayua niko, sijaenda, na sasa hivi nitakuachia njia."

Kutoka ile siku hakukosa tena. Na kutoka ile siku, mupenzi musomaji, flûte na gitare haikuwa tena maneno ya miziki tu.

Telefone ya farmasi ikawa inalia kila siku saa kumi.

"Allô, farmasi? Niko mugonjwa."

"Unasikia wapi, bwana?"

"Mu masikio. Tangu dimanche hayisikie kintu."

"Kwa ile tuko na mayi ya kusafisha masikio. Inachomaka."

"Mamuzele, si kuko kintu ya tamu?"

"Siro ya kikoozi. Ya batoto." Simone, rafiki yake wa ku comptoir, alikuwa anakufa na kicheko nyuma ya bachupa, na Clotilde akanongona: "Kata telefone, sheri, patron anakuya! Weye ukate kwanza. Apana, weye!"

Mama Mwansa, mama ya Clotilde, hakucheka. Alikuwa anauzishaka samaki ya kukauka ya Kilwa ya Katanga, mujane, mukono nguvu. Usiku moya... apana, ilikuwa asubui, mbele ya marché, akaweka kikapo chini.

"Ule Mukasai wa gitare. Unamupenda?"

"Ndiyo, mama."

"Iko na heshima?"

"Sana, mama."

"Heshima haizimake moto. Banaanza kuchoma nyumba ya Bakasai. Banasema ni bageni, barudie kwabo ku Kasai, ata bale balizaliwa hapa. Ukiolewa naye, batachoma yetu. Miye sina nyumba mbili, Clotilde. Na sina mutoto mbili."

Akabeba kikapo, akaenda. Alisema mara moya. Hakurudilia.

*

Mwisho wa mwezi wa munane, telefone ikalia asubui. Haikuwa saa yake.

"Sheri, sikia. Tunatoka leo."

"Kwenda wapi?"

"Kule ONU, baaskari ba Umoja wa Mataifa, banakaa, inje ya muji. Bakasai bote banaenda kule na magodoro ku kichwa. Jana balivunja mulango ya jirani. Tantine anabeba mashini, miye gitare."

"Naenda na weye! Nakuya sasa!"

"Apana! Clotilde, apana. Ukitoka na miye, benu batakuita muuzaji wa inchi. Ukifika kule, betu batakuita mupelelezi. Utalala wapi? Bakia. Nitaandika duo ya siye babili. Hapana ya Muitaliano, yetu. Ikiisha nitakutumia."

"Unaniapia?"

"Ku jina ya mama yangu. Sasa ukate."

"Weye ukate kwanza."

Hakuna mwenye alikata. Laini njo ilikata, yenyewe.

Kiisha, vita. Mwezi wa kenda, vita. Mwezi wa kumi na mbili, vita tena, obus, bomu za mizinga, zinapita juu ya farmasi, Clotilde na Simone chini ya comptoir banasali misa yote banayua ku kichwa. Kule inje ya muji ikazaliwa muji ingine, ya sachi na mabati na matope, bantu maelfu juu ya maelfu. Mukate yabo ilikuwa inapelekwa na kamyo ya Edouard, dereva moya mwenye aliyua kunyamaza, na mu mukate ya Edouard njo barua ya Zéphirin ilikuwa inatoka. "Duo inaendelea. Nilipata mwanzo jana mu mvua." "Tantine anashona kaputula na sachi ya unga. Anakusalimia." "Nakuwaza mpaka inauma meno."

Mwezi wa ine, 1962, barua ikakatika. Juma moya, mbili, tano. Clotilde akakonda mpaka robe ya manjano inamuzunguka. Akimuona Edouard anakimbia ku mulango, na Edouard anatikisa kichwa tu.

Mwezi wa sita, na baridi yake ya kukausha midomo, Edouard akaleta ambulopu.

Akaifungulia nyuma, katikati ya karton ya aspirine. Karatasi mbili, laini za kukokotwa na rula, note za wino nyeusi, safi kama za kitabu. Pa juu: Flûte. Duo yabo! Roho yake ikaruka. Akapitisha kidole polepole, mustari kwa mustari, mpaka ku silence. Mesure sita.

Pa juu yake, hakuna kintu. Nyeupe.

Akageuza. Akaangalia silence ya pili: nyeupe. Ya tatu: nyeupe. Hakuna tunota, hakuna réplique, hakuna gitare fasi yote. Na pa chini, maneno kidogo: "Ujifunze kuhesabu peke yako. Utapata muntu wa kuipika naye. Z."

"Simone," akasema, na sauti haikuwa yake. "Amenitosha. Angalia. Anajitosha mu miziki."

"Labda alikosa kreyon."

"Zéphirin? Anakosaka mukate, hakosake kreyon!"

Simone akauma mudomo. Alikuwa na abari, na abari ilikuwa inamuchoma. "Yaya, usinichukie. Edouard aliniambia jana. Alimuona. Kuko mwana-muke anamulisha na kijiko. Supu ya madesu. Kama katoto. Na ule mwana-muke iko muzuri."

Clotilde akaketi juu ya karton. Kwa kijiko! Myezi kenda anamungojea chini ya obus, na yeye anafungua mudomo mbele ya kijiko ya muntu.

"Na kuko ingine," Simone akasema pole. "ONU inabarudisha ku Kasai na treni. Edouard anasema mulongo ya Zéphirin njo alhamisi."

"Alhamisi gani?"

"Kesho."

*

Alhamisi asubui, Clotilde hakuenda ku kazi. Akavaa manteau ya baridi, akakamata flûte na karatasi mbili, akapanda mu kamyo ya Edouard katikati ya mikate ya moto. Mama yake alikuwa ku marché. Hakumuambia. Alitaka kintu moya tu: amuangalie Zéphirin mu macho, amuulize, kiisha arudie nyumbani akalie yote kwa mara moya.

"Ukirudi na miye saa sita, hakuna mwenye atayua," Edouard akasema. "Lakini usilie mu mikate."

Ku barrière ya baaskari, bakahesabu mikate, habakuhesabu bantu. Ku mulango ya camp njo mambo ilianza. Bijana batano bakafungua kasha ya flûte.

"Chuma tatu! Hii ni bunduki ya kuunganisha!"

"Ni flûte, bayaya."

"Banakutuma nani? Unaitwa nani?"

"Ngosa."

"Aaa! Ngosa! Wa huku!" Moya akamukamata ku manteau.

"Ni flûte," akarudilia, akaunganisha ile chuma tatu mbele yabo. "Na natafuta Zéphirin Kanyinda, wa gitare. Munipige kiisha. Kwanza munionyeshe yeye."

Bakaangaliana. "Wa gitare," mukubwa wabo akasema, na sauti ikabadirika. "Masikini. Iko ku liste. Mupeleke."

Masikini? Clotilde akafuata. Akapita katikati ya moshi na bana ba kukohoa na bibanda bya sachi, kisigino inaingia mu matope. Miti ya barabara, ile mikaratusi mikubwa, hakuna: bisiki tu, yote ilikatwa kwa kuni.

Ku uwanja kulikuwa meza, na ku meza mwalimu wa zamani, Casimir, miwani ya kufungwa na kamba, anaandika famille moya-moya kwa treni ya saa nane, yenye ilishasimama ku reli nyuma ya uwanja. Nyuma ya meza mulongo murefu wa bantu na magodoro. Na mu mulongo, Zéphirin. Mwembamba. Kravate ileile ya bluu, juu ya chemise ya kupasuka. Mukono ya kushoto mu mufuko ya koti. Ku upande yake, foulard nyekundu.

"Tantine?" Clotilde akasema.

"Mutoto wangu!" Albertine akapiga mikono. "Unafika namna gani mpaka huku?"

Kumbe! Kijiko, supu, mwana-muke muzuri: tantine! Clotilde alitaka kucheka, na machozi ikatoka. "Zéphirin. Kwa nini haukuandika réplique?"

Zéphirin akaangalia matope. Sura yake ilikuwa inafungwa kama magasin ya dimanche.

Casimir akainua miwani. "Huyu ni nani? Famille yako?"

"Simuyui," Zéphirin akasema.

Mulongo yote ikamugeukia.

"Zéphirin!" tantine akalalamika.

"Simuyui. Anapotea njia. Bamurudishe mu kamyo ya mikate."

Clotilde akasikia buloba inatembea chini yake. Ule kijana mwenye kumukamata ku mulango akamukamata tena ku mukono: twende. Na weye ungefanya nini? Kulia? Kulala mu matope? Clotilde alikuwa na kintu moya tu mu mukono, na ilishaunganishwa. Akajitosha, akainua flûte ku mudomo. Midomo ilikuwa kavu na baridi, note ya kwanza ikatoka na upepo, mubaya kabisa. Ya pili ikasimama.

Akapika duo yabo. Alikuwa anaiyua ku kichwa, alishailalia usiku muzima. Ilianza chini, kama muntu anatembea mu mvua bila kukimbia, kiisha ikapanda, ikapanda. Bana bakaacha kulia. Muzee moya akatosha kofia. Na miziki ikafika fasi yake ya kupasuka, ku silence.

Akanyamaza.

Mesure ya kwanza. Hakukuwa kintu. Bantu bakafikiri inaisha. Mama moya akaanza kupiga mikono, akaacha. Mesure ya pili. Clotilde anaangalia mbele, flûte ku kidevu, anahesabu kwa mara ya kwanza mu maisha yake bila muntu wa kumusaidia, na ile weupe ya karatasi inamufungukia mu roho kama shimo.

Ku mesure ya tatu, sauti ikatoka mu mulongo. Sauti ya mwanaume, ya kukwaruza, ya muntu mwenye hayui kuimba. Pim, pa-ra-pim, pam. Zéphirin, macho ya kufunga, machozi inashuka mpaka ku kravate, alikuwa anaimba gitare. Hakuweza kuacha ile shimo wazi! Akaimba bass, akaimba kamba za juu, na Clotilde akasikia, kwa mara ya kwanza, nusu ya duo yenye hakuyua: gitare haikuwa inatembea yake peke, ilikuwa inamuita. Tatu. Ine. Tano. Sita. Njo akaingia, sawasawa, na bakaenda pamoja mpaka mwisho, flûte na ile mudomo ya masikini, na mulongo yote inalia.

Casimir akapanguza miwani. "Kanyinda. Muntu haumuyui, lakini unayua fasi anapumuzikia?"

Njo Zéphirin akatosha mukono ya kushoto mu mufuko. Kidole gumba, na mbili ya mwisho. Katikati, kovu nyekundu.

"Shoka," akasema. "Mwezi wa ine, tulikuwa tunakata kuni. Kidonda ikaniletea homa, mpaka tantine ananilisha na kijiko. Gitare niliuzisha kwa dawa. Réplique ni ya muntu mwenye atakujibu, Clotilde. Miye ningekujibu na nini? Nilimaliza flûte yako, nikasema akae nayo, atapata mwenye bidole."

"Na kwa hiyo unasema hauniyui? Mbele ya bantu?"

"Kuchukizwa kunaponaka. Kungojea hakuponake."

"Nani alikufundisha huu ujinga? Ku gare?" Alikuwa analia na kukasirika pamoja. "Miaka yote nasikia bantu banasema siyui kuhesabu. Leo nilihesabu, Zéphirin! Mbili nzima, peke yangu, na karibu nikufe. Sitaki tena. Nilikufuata mu soldes juu ya bidole? Mwalimu, andika. Bibi yake. Ngosa Clotilde."

"Kule hakuna kintu," Zéphirin akasema. "Hakuna nyumba. Kuko njala. Benu na betu banauana, na weye utakuwa katikati. Mama yako..."

"Unanipenda?"

"Ndiyo."

"Basi nyamaza. Ni zamu yangu."

Mulongo ikacheka. Lakini Casimir hakuandika. Akaweka kreyon chini.

"Mutoto, miye ni baba wa batoto. Mwana-muke wa huku akipanda treni yetu bila mama yake kuyua, kesho batasema tulimuiba, na bale banabakia hapa njo bataona mateso. Mu tente ya Croix-Rouge kuko telefone. Mama akikubali, naandika. Akikataa, unarudia na mikate."

*

Telefone ikalia farmasi mara moya tu.

"Clotilde?" Simone alikuwa karibu kulia. "Mama yako iko hapa! Tangu saa mbili! Iko na kikapo na mwavuli, anasema atavunja chupa moya-moya mpaka nimuambie..."

Kukakuwa makelele, kiisha pumuzi nzito ya Mama Mwansa.

"Uko wapi?"

"Ku camp, mama. Ku Bakasai."

Kule farmasi, mwavuli ikaanguka chini.

"Mama, anaondoka saa nane. Nataka kuolewa naye. Alikatwa bidole mbili na shoka, hawezi tena gitare, hana kintu, na nataka kuenda naye. Banasema bila weye habaniandike. Mama, uliniambia hauna mutoto mbili. Nayua. Nayua, mama."

Clotilde akahesabu pumuzi ya mama yake, moya-moya. Inje, treni ikapiga filimbi yake ya kwanza.

"Iko pale?" Mama Mwansa akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mupatie telefone."

Zéphirin akaikamata na mukono muzima, akasimama wima kama mbele ya chef wa gare. Clotilde aliona sura yake tu.

"Ndiyo, mama... Ya kushoto, mama." Akahesabu. "Tatu, mama." Kiisha akasikiliza muda murefu. "Ndiyo. Ndiyo, mama. Nitamuambia."

Akarudisha telefone pole, kama kintu ya kioo.

"Alisema nini?" Clotilde akamukamata ku koti. "Zéphirin! Alisema nini?"

"Aliuliza bidole ngapi inabakia. Nikasema tatu." Akaangalia mukono yake, kama ni ya muntu mwingine. "Alisema: tatu inatosha kubeba mutoto. Kiisha alisema hatakuya ku barrière. Alisema akikuona, atakushika, na hatakuachilia. Akakata."

Clotilde akataka kukimbia. Kukimbia mpaka farmasi, mpaka kikapo, mpaka ile harufu ya samaki ya Kilwa yenye ilimusomesha. Tantine Albertine akamushika kiuno, akamuwekea ncha ya godoro juu ya bega, juu mwenye kubeba hana nafasi ya kuanguka, na bakatoka mu tente batatu.

Ku meza Casimir alishalamba kreyon, alishaandika, na alikuwa anaita na sauti ya masomo, juu ya makelele ya treni.

"Famille ya makumi ine na moya! Kanyinda Zéphirin, tantine yake, na bibi yake!"

Zéphirin akamuangalia Clotilde, akamuachia njia.

"Tuko!" Clotilde akajibu.